Karibu Tena, Bwana Gavana

Juzi Anitha, mjukuu wa dada yangu aliye kidato cha nne, alinipigia simu nikiwa namenya ndizi za mchana. Hata salamu hakuimaliza. "Bibi, Tanganyika ilitangazaje uhuru? Nijibu kwa kifupi, naandika." Nikamwambia haikutangaza. Akaniambia polepole, kwa sauti ile mnayotumia kwa wagonjwa, "Bibi, tarehe tisa Desemba, sitini na moja." Nikamwambia tarehe naijua, mwanangu, nimeifundisha tangu mama yako hajaota meno. "Sasa ilitangaza au haikutangaza?" Nikaweka kisu chini.

Jamani nyie watoto! Mtaniua kabla ya siku zangu.

Mimi ni Mwalimu Adventina. Nimestaafu, nakaa Ijuganyondo, Bukoba, na migomba yangu, kahawa kidogo na kuku wasiosikia. Maisha yangu yote ya kazi nilifundisha historia, na miaka mingi zaidi nilikuwa katika shule moja ya sekondari kule Ijumbi, Muleba. Nawaandikia nyie mnaoisoma historia sasa, na hasa nyie walimu wapya mnaonitumia ujumbe usiku na mchana mkiomba madesa, zile notisi za kukariri, ya mada ya uhuru. Sina madesa. Nilikuwa nayo, nikayawashia moto wa kupikia, na ndizi ziliiva vizuri tu. Nilichobaki nacho ni hasira na mambo machache niliyoyaona kwa macho yangu.

Nilipofika kazini nikitokea chuoni, alinipokea Mwalimu Laurenti, mzee wa historia pale shuleni, Mlutheri mkavu asiyecheka bila sababu. Kipindi changu cha kwanza alikaa nyuma ya darasa. Mimi nikajitutumua. Nikaandika ubaoni nchi na tarehe, nchi na tarehe, Ghana, Guinea, Tanganyika, Uganda, mpaka ubao ukajaa na chaki ikanidondoka. Watoto wakanakili kimya. Nikatoka nje najisikia mwalimu kweli. Laurenti akanifuata mpaka kwenye ngazi akasema, "Umewafundisha kalenda." Niliona nimetukanwa, nikanuna wiki nzima.

Baadaye ndiye aliyeniambia maswali yake, na nyie walimu wapya yashikeni maana sitayarudia. Ukiambiwa nchi fulani ilipata uhuru, uliza: nani alimwambia nani? Aliyeambiwa alijibu nini? Na majirani walimwamini yupi? Mtoto akishajibu hayo, tarehe ataikumbuka mwenyewe. Asipoyajibu, mpe tarehe hata mia, atazimwaga zote mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Maana hizi himaya hazikuachia watu kwa namna moja. Nilikuwa nawaeleza kwa nyumba zetu za hapa, kwa sababu somo lenyewe tulifundisha kwa Kiingereza, watoto wakalielewa kwa Kiswahili na kulikumbuka kwa Kihaya. Nawauliza: kijana wa kwetu anapataje mji wake? Wanasema baba anaita ukoo, anamwonyesha kibanja chake, migomba hii na kahawa hii, wanapanda miti ya mpaka, wazee wanashuhudia, wanakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wanaondoka. Vizuri. Hiyo ndiyo Ghana, ndiyo Tanganyika, ndiyo Uganda. Bunge la London lilipitisha sheria kwamba kuanzia siku fulani hatuna mamlaka tena huko. Akaja mtu wao na hati, akazikabidhi mbele ya watu. Sisi tulikuwa tumedai, tena tumedai kwelikweli, kwa mikutano, kwa kura, kwa safari za kwenda Umoja wa Mataifa, maana Tanganyika haikuwa hata koloni kamili wakati huo, ilikuwa nchi ya udhamini ambayo Mwingereza aliwekewa aitunze, na kila baada ya muda alitumiwa ujumbe kuja kumwangalia anaitunzaje. Lakini karatasi ya mwisho iliandikwa kwao.

Halafu yuko kijana wa pili. Huyu hangoji baba. Anaondoka, anajenga ng'ambo ya kijito, anatuma neno kwamba kuanzia leo mimi ni mwenye mji. Huko ndiko kutangaza! Makoloni ya Amerika yalifanya hivyo mwaka 1776, na Mwingereza akapigana nao miaka kabla ya kukubali. Haiti walifanya hivyo. Indonesia walitangaza 1945 na Mholanzi akang'ang'ania mpaka 1949. Guinea-Bissau walitangaza wakiwa bado msituni, Mreno yuko mjini anakunywa kahawa yake, na nchi nyingi zikawatambua wao kabla Mreno hajafungasha. Kwa hawa, tangazo lilitangulia na kukubaliwa kukafuata. Kwetu sisi makubaliano yalitangulia, sherehe ikafuata. Ni vitu viwili tofauti, na kila mwaka, kila mwaka, vijana wanavichanganya kama wali na maharage.

Wa tatu ndiye aliyenichosha zaidi. Rhodesia ya Kusini, mwaka 1965. Walowezi wakatangaza uhuru kutoka kwa Mwingereza ili wenye nchi wasipate wao. Nikawaambia darasa: mpangaji amewafungia ndani watoto wa mwenye nyumba, akapiga kelele dirishani kwamba nyumba sasa iko huru. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo walikuwa wapigania uhuru?" Nikakaa juu ya meza nikashika kichwa.

Siku hizi mna somo la historia ya Tanzania kwa Kiswahili, na mna simu zenye majibu ya kila kitu. Nilidhani mambo yatakuwa mepesi. Ndiyo kwanza jibu linakuja upesi zaidi, na limekosewa vilevile. Mtoto anakuonyesha simu na kusema, "Imeandikwa hapa." Imeandikwa na nani? Hajui. Alimwambia nani? Hajui. Laurenti angejizika mwenyewe.

Lakini nilitaka kuwasimulia habari ya Jeneroza.

Jeneroza alikuwa mwanafunzi wangu wa kidato cha nne, binti mrefu, sauti kama ya mhubiri, mkaidi hadi raha. Mama yake ni mjane wa palepale Ijumbi, mkulima wa kahawa na migomba, na ukoo wao ni mmojawapo wa koo zilizotoa ardhi shule ikajengwa. Mume alipofariki, shemeji yake alihamia kwenye kibanja akidai ni cha kwake. Mama Jeneroza alihangaika na shauri hilo kwa wazee wa ukoo na barazani mpaka akapewa haki yake, na huku nyuma bado alimsomesha binti. Kwa hiyo mnaelewa mtihani wa taifa wa mtoto yule ulikuwa na maana gani nyumbani kwao. Bila cheti cha kidato cha nne angerudi kupalilia, na mama yake alikuwa ameapa kwamba haitakuwa hivyo.

Mahafali ya kidato cha nne yakakaribia. Kwetu mahafali hufanyika kabla ya mtihani, wazazi wanakuja wamependeza, kuna risala, kuna kwaya, kuna igizo. Mkuu wa shule akanipa mimi igizo, mada ni uhuru. Nikaandika la kweli. Onyesho la kwanza, Gavana yuko ofisini, wajumbe wetu wanabisha hodi, naye anawaambia karibuni, kaeni, halafu wanadai mambo yao. La mwisho, mgeni kutoka London anakabidhi hati, Waziri Mkuu anazipokea, Gavana amesimama pembeni. Anabaki amesimama, kwa sababu kesho yake ana kazi nyingine.

Mkuu wa shule alikuwa mtu mwema mwenye woga mwingi. Akasoma, akanirudishia.

"Mwalimu, mbona mkoloni anabaki?"

"Alibaki. Malkia aliendelea kuwa mkuu wa nchi mwaka mzima baada ya uhuru, na yuleyule Gavana akawa mwakilishi wake. Hadi tulipokuwa jamhuri mwaka 1962."

"Utayasema hayo mbele ya mgeni rasmi?"

"Si mimi, ni historia."

"Mwalimu Adventina," akasema kwa upole, "watu hawaji mahafali kuona mtu anapokea karatasi. Wanataka kuona mtu anakimbia."

Akalichukua igizo, akaliandika upya jioni moja. Onyesho la kwanza akaliacha. La mwisho akalijaza ngoma na mikuki, Waziri Mkuu anatangaza uhuru kwa kelele, kisha anamnyooshea Gavana kidole: "Toka! Na usirudi tena!" Gavana anatoka mbio. Nikamuuliza mkuu hiyo ni nchi gani sasa, maana kwetu haikutokea. Akasema, "Ni sanaa." Nikanyoosha mikono. Mnajua, kazini kuna siku unashindana na siku unakunja uso tu unaendelea.

Jeneroza akawa Waziri Mkuu. Gavana alikuwa Projestus, kijana wa kidato cha tatu, uso mzima tumempaka unga wa muhogo. Mazoezi yalikwenda vizuri. "Toka! Na usirudi tena!" Projestus anachanja mbuga, tunacheka, tunarudia. Sasa nisikilizeni, hapa ndipo penye kosa, na ni kosa ambalo Mhaya peke yake angelifanya. Katika mazoezi yote Projestus alikuwa anatoka mikono mitupu. Siku yenyewe ya mahafali, mkuu wa shule, kwa kutaka kupamba, akaleta sanduku lake la safari kutoka nyumbani, akampa Projestus alibebe.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mkubwa, cheo chake sikitaji. Mwenyeji wa hukuhuku, ila alikuwa amekaa Dar miaka mingi hadi akawa anaongea Kiswahili kitupu hata na shangazi zake. Suti, tai, miwani nyeusi. Alikaa mbele kwenye kochi lililotolewa sebuleni kwa mkuu, likawekewa vitambaa.

Onyesho la kwanza likapita. La mwisho likaanza, ngoma zikalia, Jeneroza akatangaza uhuru mpaka mgongo ukanisisimka, na mimi ndiye niliyelipinga igizo! Akanyoosha kidole. "Toka!" Projestus akainama, akanyanyua sanduku, akaanza kupita mbele ya Jeneroza. Sanduku lilikuwa zito, mkuu alikuwa hajatoa nguo zake. Kwa hiyo Projestus hakukimbia. Alitembea, amelemewa, mnyonge, kama mgeni yeyote anayeondoka na mzigo wake.

Nyie ambao si wa huku mnielewe. Mtoto wa Kihaya anafundishwa kabla ya kujua kusoma kwamba mtu akitoka kwako na mzigo, unampokea mzigo, unamsindikiza mpaka mwisho wa kibanja, unamuaga vizuri. Hata kama mlikuwa hamwelewani. Haifikiriwi, ni mwili unafanya. Nikamwona Jeneroza kidole kinashuka. Akamfuata Projestus, akamwondolea sanduku mkononi, akamsindikiza hadi ukingoni mwa jukwaa, akalitua, akapiga goti, na kwa sauti ileile ya mhubiri, akiongeza neno letu la heshima, akasema, "Karibu tena, waitu."

Na Projestus, unga unamdondoka kidevuni, akajibu, "Asante, Mama. Wasalimie wa nyumbani."

Mungu wangu! Wazazi walivunjika mbavu. Wanawake wakapiga vigelegele, kuna mzee alicheka hadi akashikiliwa. Mimi nilijificha nyuma ya pazia nimeuma kanga. Mgeni rasmi peke yake hakucheka. Aliposimama kuhutubia aliiweka hotuba mfukoni. "Wazee wetu wamehangaika kumwondoa mkoloni," akasema, "na leo shule hii, mbele yangu, inamwambia karibu tena!" Mkuu wa shule akaanza kujifuta jasho kwa programu ya sherehe.

Kabla viti havijarudishwa madarasani, mkuu alikuwa ameshakata kauli. Jeneroza asimamishwe masomo, asionekane shuleni hadi suala liishe. "Na mtihani?" nikauliza. Akatazama chini. "Ukimkuta nje, utakuwa umemkuta nje." Nikamwambia, mkuu, mtihani uko mlangoni, unamzika mtoto kwa salamu? Akasema mgeni rasmi anakaa nyumbani kwao siku mbili tatu, Jumatatu atapita shuleni akirudi mjini Bukoba kuona hatua gani imechukuliwa, na kama nina la kutetea nije nilitetee siku hiyo. Nilitoka mle ofisini nimekasirika hadi nikasahau mkoba wangu.

Jeneroza nilimkuta nyuma ya jiko la shule. Alikuwa halii. Aliniambia, "Mwalimu, mama akisikia atakufa." Nikamwambia mama yako hafi ovyo. Lakini usingizi sikuupata mpaka Jumatatu.

Jumatatu tukakaa ofisini kwa mkuu: mgeni rasmi, mkuu, mimi, Jeneroza amesimama, na Mama Jeneroza kwenye benchi, kitenge chake cha kanisani, kifurushi mapajani. Kabla mkuu hajafungua kikao, mama akakifungua kifurushi. Kahawa ya kutafuna, ile tunayoichemsha na majani yake na kuikausha, imefungwa kwa ganda la mgomba. Akaimimina kwenye kikapu kidogo, akapiga goti, akamwelekezea mgeni rasmi. Hapo kweli alikuwa kwake, shule imekaa juu ya ardhi ya ukoo wa mumewe. Na yule bwana, pamoja na Dar yake yote, mkono ukanyooka wenyewe. Akachukua punje, akatia mdomoni. Wote tukachukua.

Nikatetea. Nilikuwa nimejiandaa kama kipindi cha ukaguzi. Nikaeleza sheria ya London, nikaeleza hati, nikaeleza Malkia alivyobaki mkuu wa nchi mwaka mzima, na maofisa wa Kiingereza walivyoombwa na serikali yetu wenyewe wabaki kwanza kwa sababu hatukuwa na watu wa kutosha. "Kwa hiyo kihistoria," nikasema, "mtoto huyu na karibu tena yake alikuwa karibu na ukweli kuliko igizo lenyewe." Mkuu wa shule akakohoa.

"Mwalimu," mgeni rasmi akasema, "unataka kuniambia hatukupigania uhuru?"

"Tuliudai hadi wakakubali. Huko ni kupigania. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyekimbia na sanduku."

"Historia isitutie aibu," akanijibu, na nikaona maneno yangu yote yamegonga ukuta na kurudi. Sina hamu na watu wanaoogopa historia. Ningemjibu, nilikuwa nalo jibu kali, lakini nikamtazama mtoto nikalimeza.

Akamgeukia Jeneroza. "Na wewe binti. Nani alikutuma kumkaribisha mkoloni?"

Jeneroza akaanza kulia hapohapo, kilio cha hasira, makamasi na yote.

"Hakuna aliyenituma. Baba mdogo alikaa kwenye kibanja chetu tangu baba afariki. Alikuwa akitupa ruhusa tukate ndizi zetu. Tukienda mlangoni anatuambia karibuni, kaeni, na ni nyumbani kwetu! Mama aliposhinda shauri na yeye akafungasha, mama alimpa kahawa, akambebea mzigo hadi barabarani, akamwambia karibu tena. Nilimgombeza mama. Nikamuuliza kwa nini. Mama akarudi kupalilia. Lakini mimi nilielewa baadaye, maana baba mdogo hajarudi hadi leo." Akajifuta kwa mkono wa sweta. "Kwenye igizo, mwanzoni Gavana ndiye anatuambia karibuni. Tumesimama kama wageni. Mwishoni mimi ndiye nimesema. Kama nyumba isingekuwa yangu, ningesemaje karibu? Mnifukuze, lakini sikukosea."

Nje mwalimu wa zamu alikuwa anawafokea watu wa kidato cha kwanza. Mimi nilikuwa nataka kusimama juu ya kiti. Miaka yote ile ubaoni, maswali ya Laurenti, vijana wawili na mpangaji, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunijibu hivyo! Na mjinga huyu, hilo jibu alikuwa nalo muda wote, kwenye mitihani ananiandikia tarehe!

Mgeni rasmi alikuwa amevua miwani. Akatafuna, akatafuna, akamtazama Mama Jeneroza aliyekuwa anakunja ganda lake la mgomba taratibu. Halafu akamwambia mkuu, "Mtoto afanye mtihani."

"Ndiyo, ndiyo kabisa," mkuu akaruka, "hata mimi nilikuwa naelekea hukohuko."

Jeneroza akafanya mtihani, na historia akafaulu, ingawa alijibu swali moja kurasa nne kwa hasira akakosa muda wa jingine. Leo ni mwalimu wa historia huko Muleba. Ananipigia simu kunilalamikia wanafunzi wake, kwamba hawasomi, kwamba wanataka madesa, kwamba wanaandika Tanganyika ilitangaza uhuru. Namsikiliza nacheka peke yangu mpaka kuku wanakimbia.

Yote haya nilimweleza Anitha kwenye simu juzi. Ndizi zikabadilika rangi sufuriani. Nilipomaliza akasema, "Asante, Bibi, nimeelewa. Kwa hiyo niandike ilitangaza?" Bojo, mwanangu! Nikamwambia andika nani alimwambia nani, aliyeambiwa akajibu nini, na siku hiyo mwenye kusema karibu alikuwa nani. Akasema hiyo ni ndefu.

Lakini sijamaliza, sijawaambia yule bwana alivyoondoka. Alitoka ofisini, dereva akawasha gari. Mama Jeneroza akamfuata, akampokea mkoba wake, akamsindikiza mpaka kwenye mlango wa gari. Tulisimama wote barazani tukitazama. Akamkabidhi mkoba, akapiga goti, akamwambia kwa sauti ya chini, ya adabu kabisa, "Karibu tena, waitu." Yule bwana akafungua mdomo kujibu. Akamtazama mama. Akamtazama Jeneroza. Akaufunga mdomo, akaingia garini.

Pale shuleni hajarudi hadi leo.